Cheti Hakipandi Mnara

Sehemu ya Saba

Wiki hii sitaki pole ya mtu. Wiki iliyopita mlinitumia pole nyingi, na wengine mkaniambia nimwachie Mungu. Mungu nimeshamwachia mengi. Hili nalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na mwenye kuchukia achukie.

Kwa aliyelikosa gazeti: mimi ni Luciana, fundi wa mitandao hapa Ifakara. Kampuni yetu ya intaneti nimeitumikia zaidi ya miaka kumi. Mnara wa Kiberege niliusimamisha mimi. Waya wa shule kule Michenga niliufukia mimi, kwa jembe, mvua inanyesha. Intaneti inayovuka mto kwenda Lupiro niliilenga kwa macho, dishi kwa dishi, kabla hata hawajatuletea kifaa cha kulengea.

Cheti sina. Mtihani ule wa kimataifa niliufanya nikaanguka, mkasa huo mliusoma. Waliuliza mtandao ukikatika fundi aanze na nini. Nikatafuta jibu linalosema "mpigie mlinzi umuulize kama umeme upo." Halikuwepo.

Kisha kampuni ikaahidiwa mkataba mnono wa shule na zahanati, na mwenye mkataba akataka mafundi wa kila kituo waongozwe na mtu mwenye cheti. Ndipo akaletwa Bryson. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, cheti kiko kwenye fremu. Nikaamriwa nimfundishe kazi yangu ili aje kuwa bosi wangu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mgeni kaja, mwenyeji kaugua.

Nikakataa kumfundisha. Wiki ileile mtandao wa Lupiro ukafa, na jina la kwanza kutajwa likawa langu. Nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kazi yangu, kitu pekee nilichokijenga maishani, ikawekwa mezani ijadiliwe kama mbuzi wa kuuzwa.

Mbele yangu alikaa Madamu Aneth, afisa utumishi kutoka makao makuu, simu yake iko mezani inarekodi. Kulia kwake alikaa Egidius, meneja wa kituo chetu. Bryson alikaa pembeni, anaangalia viatu vyake.

Sasa nisikilizeni habari ya Egidius, maana ndiyo inayonichoma.

Egidius ni Mhehe wa Iringa. Baba yangu ni Mngoni, alitoka Songea kuja kukata miwa Kidatu, akaoa huku, akatuzaa huku. Kwa hiyo mimi na Egidius ni watani, kwa vile vita vya babu zetu. Miaka yote hiyo hatujawahi kusalimiana kama watu wazima. Nikichelewa kazini, anaitangazia ofisi nzima kwamba Mngoni kapotelea vitani. Akiingia yeye, naambia watu wafunge mbwa wao, Mhehe asije akawala.

Baba yake alipofariki, nilikwenda mpaka Iringa. Jeneza lilipokuwa linatolewa nikajilaza mlangoni, nikasema haliniruki mpaka nipewe jogoo. Egidius, machozi yanamtiririka, akacheka mbele ya baba yake aliyelala. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Hakuna ndugu yake aliyeweza kumchekesha siku ile isipokuwa mimi.

Na utani una sheria yake. Mtani akikutuhumu, hukani. Unakubali na unaongeza. Akisema umeiba kuku, unajibu kwamba umebeba na banda. Anayekana kashindwa, na anayekasirika ni mjinga.

Basi Aneth akasoma tuhuma, kwa sauti ile ya kusoma matangazo. Akamaliza. Egidius akainua kichwa, akanipa lile tabasamu lake ninalolijua.

"Mtani, sema ukweli wako leo," akasema. "Si wewe uliyeua mtandao wa Lupiro? Nyie Wangoni vita hamjaacha tu?"

Moyo wangu ukatulia. Nilikuwa natoka jasho mpaka mgongoni, lakini nilipoisikia sauti ile nikajua yuko upande wangu. Nikajibu kama inavyopasa.

"Ndiyo mimi, Mhehe wee! Nimeua wa Lupiro, kesho naua wa Mahenge, na keshokutwa nalizima na jua, uisikie vizuri ile baridi ya kwenu!"

Egidius akacheka. Hata Bryson akatabasamu. Aneth hakucheka. Akaisogeza simu karibu na mimi.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, madamu?"

"Umesema umeua mtandao wa Lupiro."

"Huo ni utani! Mimi na bosi ni watani. Ofisi nzima inajua."

"Mimi pia nina watani wangu, dada Luciana. Siwaleti kwenye kikao cha nidhamu." Akamgeukia Egidius. "Bwana Egidius, ulikuwa unamtania?"

Alitakiwa kusema neno moja tu. Ndiyo. Mtoto wa chekechea analiweza.

Egidius akajikuna shingo. Akaitazama simu iliyokuwa inarekodi.

"Mimi niliuliza swali la kazi, madamu," akasema. "Majibu aliyotoa ni ya kwake."

Wasomaji wangu, mimi nimetukanwa. Nimeambiwa mwanamke hapandi mnara, nimeambiwa nitazaa watoto wenye kizunguzungu, nimerushiwa hata mawe na wenye shamba wasiotaka nguzo. Yote nilicheka. Lakini mtani kukana utani sijapata kuona. Mtu anaweza kukana deni, akakana hata mtoto. Utani haukanwi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe niliifua na kuipiga pasi kwa miaka.

Nikasimama, kiti kikaanguka.

"Egidius! Nilijilaza mbele ya jeneza la baba yako!"

"Dada Luciana, kaa chini," akasema Aneth.

"Sikai! Muulize huyu mwenye cheti ni nani aliyegusa redio za minara wiki ile. Muulize!"

Redio ndicho kile kisanduku kilicho nyuma ya dishi, kinachorusha intaneti kutoka mnara mmoja kwenda mwingine. Kikizimika, upande wa pili hawana kitu.

Aneth akamtazama Bryson. "Uligusa?"

"Nilibadilisha maneno ya siri, madamu," akajibu taratibu. "Kwenye redio zote. Ndivyo utaratibu unavyotaka."

"Kwa nini?"

"Zote zilikuwa na neno la siri moja. Tangu siku zilipofungwa."

Hapo alinikata maini, kwa sababu ni kweli. Minara yote, neno moja, jina la mama yangu. Kila kibarua aliyewahi kupita kwetu analijua, na wengine siku hizi wanafanya kazi kwa washindani wetu. Nilikuwa nimeshazoea, sikuliona tena kama ni kosa. Bryson aliliona kabla hata hajajua choo cha ofisi kiko wapi. Siwezi kumdhulumu kwa hilo. Kitabu chake kilimfundisha jambo ambalo minara yote niliyopanda haikunifundisha, na hilo nalo lilinitia hasira.

"Na baada ya kubadilisha, Lupiro iliendelea kufanya kazi?" akauliza Aneth.

Bryson akamtazama Egidius. Egidius akakohoa.

"Iliendelea, madamu," akasema Bryson.

Basi. Nikasimamishwa kazi palepale. Nikatoa funguo, nikatoa kitambulisho.

"Mpaka uchunguzi uishe, usiguse kifaa chochote wala usikanyage mnara wowote wa kampuni," akasema Aneth. "Ukikanyaga, halitakuwa tena suala la ofisi. Litakuwa la polisi. Kesho mimi mwenyewe nakwenda Lupiro kuona."

Nikatoka. Egidius hakuniangalia. Mtani mzima, anaangalia dirisha.

Jioni hiyo nilikuwa nyumbani kwangu Kibaoni, napepeta mchele ili mikono ipate cha kufanya. Nikasikia hodi. Nikageuka, nani? Bryson.

"Shikamoo, dada Luciana."

"Leo sina marahaba. Sema kilichokuleta."

Akasimama palepale, hakukaribishwa kiti wala hakuomba.

"Nilidanganya kule ndani," akasema. "Redio ya Lupiro haikuendelea. Nilipoibadilisha tu ikagoma, haikunisikia tena. Nilimwambia bosi muda uleule. Akasema ninyamaze, mkataba bado haujasainiwa, na tukionekana tumeanza kwa kuharibu tutanyang'anywa."

Ungo ukanitoka mkononi. Mchele wote chini.

"Kwa hiyo Egidius alijua tangu mwanzo."

"Alijua."

"Aliponiuliza lile swali, alijua."

Akainamisha kichwa.

"Na wewe ulikaa pale na hilo shati lako, ukanitazama navuliwa kitambulisho. Sasa umefuata nini hapa? Umekuja kuungama? Paroko yuko kanisani."

"Redio inataka kubonyezwa kwa mkono, kulekule juu. Kuna kitufe nyuma yake. Bosi amesema kesho mapema, kabla madamu hajafika, wewe upande, mimi nisaini."

"Rudia."

"Wewe upande. Kazi itaandikwa kwa jina langu, kwa sababu cheti ninacho mimi. Halafu bosi atakuombea kwa madamu."

Nilimtazama mpaka akarudi nyuma. Mikono yangu, jina lake. Miguu yangu, saini yake. Nikikamatwa mnarani, polisi ni wangu. Nisipokamatwa, sifa ni za fremu ukutani. Na mpango huo kaupanga mtu ambaye mchana uleule amenizika nikiwa hai.

"Umewahi kupanda mnara, Bryson?"

"Chuoni tulipanda. Ulikuwa mfupi."

"Basi nenda sasa hivi kwa Aneth. Yuko gesti pale karibu na ofisi. Mwambie haya uliyoniambia. Nikirudishiwa kitambulisho changu, napanda hata bila kunywa chai."

"Dada, niko kwenye matazamio. Wakiniandika kosa moja tu, narudi nyumbani." Sauti ikaanza kumkatika. "Mtihani ule sikujilipia. Jumuiya yetu ya kanisani ilichanga. Wazee wenye mashamba ya robo heka walichanga. Siku nilipofaulu, padri alikibariki kile cheti altareni. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini?"

"Waambie cheti hakipandi mnara."

Akajifuta uso. Akanyoosha mgongo.

"Basi nitapanda mwenyewe."

"Panda. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wewe unataka cha juu. Panda!"

Akaondoka. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, maana wiki zote nimekuwa nawaambia mabaya ya wenzangu.

Kwenye mnara wa Lupiro kuna nyigu. Wamejenga nyuma ya dishi, palepale penye redio. Kila aliyefanya kazi nami anajua: unapanda asubuhi sana, kungali na ubaridi, nyigu wamelala, na dishi hulishiki upande wa kushoto. Jua likipanda, hata mimi sipandi. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni Bryson alipokuwa anavuka ua wangu. Nikayameza.

Nilitaka aumwe. Nilitaka ashuke analia mbele ya Aneth, uso umevimba kama andazi, aulizwe kama kitabu hakikusema. Nililala na picha hiyo, na nililala vizuri. Hasira hasara, mtaniambia. Nimeisikia hiyo tangu utoto. Haijawahi kumzuia mtu aliyekasirika kweli.

Asubuhi nilikwenda ofisini kurudisha simu na viatu vya kampuni, nisije nikaitwa mwizi juu ya yote. Jua lilikuwa limeshapanda. Sikitu, mama anayefanya usafi pale ofisini, alikuwa anadeki stoo, mlango uko wazi. Nikatupa jicho ukutani. Mkanda wa usalama haukuwepo.

"Mama Sikitu, mkanda wangu uko wapi?"

"Kauchukua Bryson. Kaondoka na bodaboda muda si mrefu. Alikuwa anasubiri umeme urudi amalize kuchaji kompyuta yake."

Nikaviacha viatu palepale sakafuni.

Mkanda ule una kulabu, ile ya kujifungia kwenye ngazi ya mnara ili hata mikono ikiachia usianguke. Kulabu ile springi yake imekufa tangu mwaka jana. Ukiifunga inalia "ta" kama nzima, lakini haijafunga. Mpaka uitoe, uigeuze, uisukume kwa kidole gumba, ndipo inashika. Mkono wangu umezoea, unafanya wenyewe hata nikiwa naongea na simu. Sikuwahi kumwambia mtu.

Bryson kafundishwa kwamba mkanda mbovu hutupwa. Kwa hiyo mkanda ulioning'inizwa stoo, kwake yeye, ni mzima. Na kitabu chake kilikuwa sahihi! Mimi ndiye niliyening'inia mwaka mzima kwenye takataka, nikaita uzoefu.

Kumtakia nyigu nilimtakia. Kifo sikumtakia. Nyigu na kulabu ile ni mambo mawili tofauti, na huko juu yangekutana.

Nikampigia Bryson. Inaita, hapokei. Nikampigia Egidius. Akakata. Nikampigia tena. Akazima simu. Nikampigia mlinzi wa mnara, simu yake inatumika. Namba ya Aneth sikuwa nayo.

Nikaita bodaboda. "Lupiro!"

"Dada, mbona haraka hivyo? Una mgonjwa?"

"Nina maiti, usipoendesha."

Hakuniuliza tena. Tulivuka daraja kwa mwendo ambao siku nyingine ningemshushia matusi.

Getini kwa mnara alikuwepo mzee Beatus, mlinzi wetu tangu mnara unasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Luciana. Lakini mwanangu, meneja kanipigia jana. Kasema wewe usiingie kabisa."

"Bryson yuko wapi?"

Akanyoosha kidole. Nikaangalia juu. Bryson alikuwa karibu na dishi, kaikumbatia ngazi, hasogei.

"Alikuwa anapiga kelele," akasema mzee Beatus. "Sasa kanyamaza. Mimi na magoti haya nitampandia vipi? Nimempigia meneja, simu haipatikani."

"Fungua, baba."

Akanitazama. Akautazama mnara. Akafungua, akavua koti lake la mvua akanirushia.

"Jifunike kichwa. Mimi sijakuona."

Nikapanda. Mkanda sikuwa nao, alikuwa kauvaa yeye. Kila hatua niliyoweka kwenye ngazi nilikuwa naitupa kazi yangu, na nilijua. Polisi ni polisi. Nilipanda huku namtukana Egidius, namtukana Aneth, namtukana padri aliyebariki karatasi, najitukana na mimi.

Nilipomfikia, nyigu walikuwa wamepungua, lakini walishamaliza kazi. Uso wa Bryson haukuwa uso. Macho yalikuwa yamejifunga kwa uvimbe.

"Nani?" akauliza.

"Luciana."

"Dada. Sioni, dada."

"Shika ngazi kwa mikono miwili. Usisogee hata kidogo."

"Nimebonyeza," akasema. "Kile kitufe. Nimekibonyeza kabla hawajaniuma sana. Taa imewaka?"

Nikachungulia. Taa ilikuwa inawaka, kijani. Mtandao umerudi. Kijana wa fremu alikuwa amefika mpaka juu, ameumwa, na kazi ameifanya. Sitawaficha, niliona wivu hata pale.

"Imewaka," nikamwambia.

"Nimejifunga vizuri," akasema, meno yanagongana. "Nilisikia imelia. Nikiachia sitaanguka, sivyo?"

Nikaiangalia kulabu. Imekaa kwenye ngazi mdomo wazi, imeshika kwa ncha. Angejiegemeza kidogo tu, mazungumzo yangekuwa mengine.

"Usiachie," nikasema. "Subiri."

Kuifunga upya lazima kwanza uitoe. Nikaitoa. Nikawa nayo mkononi, nikaanza kuigeuza, kidole gumba kiko tayari. Ndipo nikasikia gari.

Egidius alishuka upande wa dereva. Aneth akashuka upande wa pili, akainua simu yake juu, ananirekodi.

"Luciana!" akapiga kelele. "Nilikuambia nini jana?"

"Madamu, mtandao umerudi!" Egidius naye alikuwa na simu mkononi, ameshaiwasha. Alikuwa anaruka kama kafunga goli. "Unasoma kabisa! Bryson kaurudisha! Na yule pale kaja kuuzima tena. Jana kakiri kwa mdomo wake, leo unamwona kwa macho yako. Unataka ushahidi gani?"

"Mzee Beatus, nani kamfungulia?" akauliza Aneth.

Mzee Beatus akaangalia chini. Hakuwa ameniona, ndivyo tulivyokubaliana.

"Bryson!" Aneth akapaza sauti. "Unanisikia? Wewe ndiye uliyemwita huyu apande?"

Nikamsogelea sikioni.

"Sema, mdogo wangu," nikamnong'oneza. "Sema yote. Redio nani aliizima, Egidius alijua lini, mimi nimekuja kufanya nini. Sema sasa hivi, na mimi na wewe tunashuka watu wazima."

Alinisikia.

"Jibu, injinia!" Egidius akaita kutoka chini.

Injinia. Miaka yote hajawahi kuniita hivyo hata kwa utani.

Bryson akavuta pumzi.

"Hapana, madamu!" akapaza sauti. "Sikumwita! Kaja mwenyewe!"

Hakuna neno la uongo hapo. Hakuniita. Nilikuja mwenyewe. Kajibu kama walivyomfundisha kujibu mtihani, kilichoulizwa tu, hakuna zaidi, na kwa jibu hilo kanifunga.

Chini Egidius alianza kucheka. Juu, Bryson alikuwa amechoka. Jasho lilikuwa linamtoka, na vidole vyake vilianza kulegea kwenye ngazi kimoja baada ya kingine. Hakuwa na wasiwasi. Alijua amejifunga.

Kulabu ilikuwa bado mkononi mwangu, haijafungwa. Kuisukuma ni kazi ya kufumba na kufumbua, na kidole changu gumba kilikuwa palepale juu yake.

Nikakiondoa.